Sikiliza kila mtoto peke yake: namna ninavyofundisha kusoma na kuandika mwaka wa kwanza, hapa Goma

Siku hiyo niliandika ubaoni: Mama anapika sombe (majani ya muhogo). Ulikuwa muhula wa pili, na darasa langu la mwaka wa kwanza, pale mtaa wa Katoyi, lilikuwa limeisoma sentensi hiyo siku tatu mfululizo. Nikigusa neno kwa fimbo, watoto 84 wanaitikia kwa sauti moja mpaka mabati yanatetemeka. Moyoni nilikuwa na furaha, nikisema hawa sasa wameshika.

Kisha nikafuta neno la mwisho, nikaandika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikaanza tena kugusa. "Mama! Anapika! Sombe!" Darasa zima. Nikarudia kugusa neno lile la mwisho, polepole. "Sombe!" Kwenye benchi ya nne, karibu na dirisha, alikaa msichana mmoja ambaye nilikuwa nimeshamhesabu kati ya wazito. Yeye hakuitikia. Alikuwa ameukazia ubao macho, midomo inacheza: sa… sa… mba… Darasa zima lilikuwa linaimba, yeye peke yake alikuwa anasoma. Na mimi nilikuwa nimemwita mzito miezi minne.

Tangu siku ile siamini kwaya. Nimebadilisha karibu kila kitu katika kufundisha kwangu, na haya ninayoandika ni yale yaliyobaki baada ya miaka mingi ya kujaribu na kuacha. Nakuandikia wewe mdogo wangu uliyetoka juzi shule ya ualimu na diploma yako mkononi, ukapewa mwaka wa kwanza kwa sababu ndiwe mgeni pale shuleni. Najua ilivyo. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure huku Kongo mnamo Septemba 2019, benchi iliyotengenezwa kwa watoto watatu inakaliwa na watano, na vitabu havitoshi. Ninayokueleza yanafanyika katika darasa la namna hiyo, maana ndilo darasa langu.

Masikio kabla ya macho

Wiki mbili za kwanza za Septemba siandiki herufi hata moja. Wazazi hunishangaa, wanakuja kufungua kaye (daftari) ya mtoto na kukuta ni nyeupe. Nawaambia subirini. Mtoto ambaye hajajua kwamba neno linaweza kukatwa vipande hatajua herufi inafanya kazi gani.

Tunapiga makofi. Naanza na majina yao, maana hakuna neno mtoto analipenda kuliko jina lake: Fu-ra-ha, makofi matatu, A-ma-ni, matatu, Ne-e-ma, matatu pia, na hapo mabishano huanza, kwa sababu wengine husikia mawili. Waache wabishane, kisha mwite mwenye jina alitamke taratibu. Halafu vitu wanavyoviona kila siku: chu-ku-du (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), sa-mba-za, le-nga-le-nga. Nyi-ra-go-ngo, volkano yetu, hupigwa makofi manne, na mtoto akikuletea "gong-o" mrekebishe papo hapo, kwa sababu karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu. Akiizoea kanuni hiyo kwa mikono yake sasa, kesho hatahangaika na mb wala nd.

Mchezo wa pili ni wa soko. "Nimeenda soko la Virunga, nimenunua kitu kinachoanza na mmm." Wanajibu: maharagi, mafuta, matembele, makala (ndivyo sisi huku tunavyoita makaa). Atakayesema "sombe" usimcheke. Mwambie alitamke sombe huku ameweka kidole mdomoni, asikie mwenyewe midomo yake haikufunga mwanzoni. Mtoto wa miaka sita hujifunza sauti kwa midomo na ulimi kuliko kwa maelezo yako.

Vitendawili pia vinafaa sana kipindi hiki. Nyumba yangu haina mlango: mtoto akijibu "yai", namuuliza yai lina makofi mangapi. Dakika tano, tumecheza na tumefanya kazi.

Tamka sauti, jina la herufi liache

Hapa ndipo nilipokosea miaka yangu ya mwanzo, na ndipo naona walimu wengi bado wanakosea. Sisi wote tulifundishwa majina ya herufi kwa Kifaransa: a, bé, cé, dé. Basi tunamwonyesha mtoto b na a, tunamwambia "bé, a". Anaunganisha kama alivyosikia: "béa". Halafu tunamkasirikia eti haelewi! Ameelewa vizuri kabisa, sisi ndio tuliompa kitu kibaya cha kuunganisha.

Mpe sauti. M ni midomo iliyofungwa: mmmm. S ni tairi ya pikipiki inayotoa upepo: ssss. L, n, f na z nazo unaweza kuzivuta kadiri upendavyo, na mtoto akazitelezesha mpaka kwenye irabu: mmmmaaa, ma. Lakini k, t, p na b hazivutiki. Ukijaribu kuzitamka peke yake utasema "ku" au "bu", na mtoto atasoma "ku-a-ta" mahali pa "kata". Hizo usizitenge kabisa. Ziweke mara moja ndani ya silabi: ka, ki, ku. Kiswahili kinaturahisishia hapa, kwa kuwa kila irabu ina sauti moja tu, siku zote, na zote ni tano.

Mpangilio wangu si wa alfabeti. Naanza na irabu a, i, u, o, e kwa muda wa wiki mbili. Kisha m, k, l, t, kila moja wiki yake: siku nne za kujifunza, siku mbili za kurudia. Kwa herufi hizo tisa tu tayari mtoto anasoma mama, kaka, kuku, kiti, moto, tatu, lala, kata, kula, kilo, meli. Anasoma hata sentensi nzima: Kaka ataka kula kuku. Nimewaona watoto wakisimama kwenye benchi kwa furaha siku wanapogundua kwamba hilo lililoko ubaoni ni maneno yao wenyewe. Na siku hiyo inafika kabla ya Novemba kwisha, haingoji Pasaka.

Baada ya hapo s, n, p, b, halafu w, y, j, f, z, g, v, h. Herufi d naichelewesha makusudi, ije wiki sita hivi baada ya b, maana zikija pamoja watoto huzigeuza mwaka mzima. R nayo iwe mbali na l. Mwisho kabisa, baada ya Pasaka, herufi zinazotembea wawili wawili: ch, sh, ny, mb, nd, ng, nj, nz, halafu ng' ya ng'ombe, na th, dh, gh kwa haraka tu, kwa kuwa mtoto wa mwaka wa kwanza hakutani nazo mara nyingi. Q na x zisubiri Kifaransa.

Neno moja kuhusu ngazi ya silabi. Ukiandika ma me mi mo mu kwa mpangilio huo kila siku, umetunga wimbo mwingine. Baada ya siku mbili wataimba bila kutazama. Mimi naandika mo, mi, ma, mu, me, kesho yake nageuza tena, na naanza kugusa kutoka katikati. Kila unapoona darasa linakwenda mbele ya fimbo yako, jua hawasomi.

Mchanga mweusi

Kalamu nyingi zinavunjika mwaka wa kwanza kwa sababu tunampa mtoto kalamu kabla mkono wake haujajua njia. Hapa Goma tumekalia vifaa vya bure. Mchanga mweusi wa volkano umejaa kila mahali, nyuma ya kila nyumba, na ndio nautumia.

Chukua mfuko mweupe wa sukari au wa unga, ule uliosukwa, uukate vipande vya ukubwa wa kaye iliyofunguliwa. Kila kipande kikunje pembeni, ukishone au ukigongomee kwenye vijiti vinne, kiwe kama sinia. Mchanga uchekeche mara mbili, kwanza kwa chekecho la wajenzi, kisha kwa kitambaa cha chandarua kilichochakaa, maana vipande vya lava vina makali na vinakwaruza vidole. Uoshe, uuanike juani siku nzima. Mimina kiasi cha kufunika weupe tu, unene wa njiti ya kiberiti. Ukiweka mwingi hutaona kitu.

Sasa mtoto akipitisha kidole, mchanga unasogea na weupe wa mfuko unatokea chini: herufi nyeupe juu ya cheusi, kama ubao. Akikosea anatikisa kidogo, imefutika, hakuna karatasi iliyochanika wala aibu. Nina masinia 20. Benchi moja inapata moja, watoto wanapokezana: mmoja anaandika, wenzake wanatamka sauti na kuangalia kama ameanzia mahali sahihi. Hilo la kuanzia ndilo la kulinda kuliko yote. A, o, d na g zote zinaanza upande wa juu kulia na kuzunguka kwenda kushoto. Mtoto aliyezoea kuizungusha o kwenda kulia atapata shida atakapofika kwenye mwandiko wa kuunganisha, na wakati huo mkono utakuwa umeshakuwa mgumu.

Kutoka mchangani tunakwenda hewani, kutoka hewani kwenye kibao, kutoka kwenye kibao kwenye kaye ya mistari miwili. Kaye inakuja Novemba. Kwa mtoto anayetumia mkono wa kushoto, sina mengi ya kusema: mweke mwisho wa benchi upande wa kushoto ili asigongane kiwiko na jirani, geuza kaye yake kidogo iinamie kulia, na umwambie bibi yake kwa heshima aache kumfunga mkono.

Vibao na La Martinière

Ardwazi (vibao vya kuandikia kwa chaki) za dukani zinavunjika na wazazi hawawezi kununua mbili kwa mwaka. Nyumba nyingi za mji huu ni za mbao, kwa hiyo maseremala wapo kila mtaa, na vipande vinavyobaki wanavichoma kwenye moto wa chai. Nilikwenda kuzungumza nao mwezi wa nane, wakanikatia vipande 90 kwa bei ya kuni. Msasa kidogo, kisha rangi: makala yaliyotwangwa mpaka yawe unga laini kama poda, yachanganywe na maji ya majani ya matembele yaliyopondwa. Paka, anika, paka tena. Rangi hiyo inadumu muhula mmoja, ikififia tunapaka upya Jumamosi pamoja na watoto. Wenzetu wengine hutumia unga mweusi wa betri kuukuu za redio. Unashika vizuri, ni kweli, lakini una sumu, na mtoto wa miaka sita hulamba vidole vyake siku nzima. Nakusihi usiutumie.

Kwa vibao hivi nafanya kila asubuhi ule utaratibu tuliofundishwa sote kwa jina la La Martinière, ila mimi nauweka kwenye sauti na silabi, si hesabu peke yake. Natamka silabi mara moja: "ku". Wanairudia kimyakimya midomoni. Napiga ubao kofi moja: wanaandika. Kofi la pili: chaki chini. La tatu: vibao juu, vikinielekea. Kwa kupitisha macho sekunde kumi naona vibao 84, naona nani ameandika ku, nani uk, nani amechungulia kwa jirani kisha akakosea vilevile kama jirani. Siandiki jibu ubaoni kabla ya kuwatazama wote. Silabi sita kila siku, kisha maneno mawili, na kuanzia Februari sentensi moja fupi. Dakika 15 hazizidi.

Nimegundua kwamba kuandika kunavuta kusoma kuliko kusoma kunavyovuta kuandika. Mtoto anayeandika "moto" amelazimika kulisikia neno kipande kwa kipande, hakuna kwaya ya kumbeba.

Kiswahili cha kinywani na Kiswahili cha kitabu

Hili ni letu sisi wa huku, na kitabu cha mwalimu hakilisemi. Mtoto wa Goma anasema "mutoto", "muti", "mukate", "batoto". Ukimsomea imla neno mtoto ataandika mutoto, na amesikiliza sawasawa! Ukimkata kwa biki nyekundu umemwadhibu kwa sababu ya kuwa na masikio mazuri.

Muhula wa kwanza napokea mutoto bila neno. Muhula wa pili, baada ya Krismasi, nawafundisha waziwazi. Naandika mutoto na mtoto, moja chini ya jingine. Tunapiga makofi: mu-to-to, matatu. Kisha m-to-to, nikifunga midomo kwenye kofi la kwanza: matatu pia. Hapo macho yao hufunguka, kwamba m inaweza kubeba kofi peke yake, bila irabu. Nawaambia: nyumbani na kiwanjani tunasema mutoto, ni lugha yetu na ni nzuri; kwenye kitabu tunaandika mtoto ili msomaji wa Kindu na wa Lubumbashi, wa Kigoma na wa Mombasa, wote walione neno lilelile. Vivyo hivyo batoto na watoto. Tukifanya hivyo wiki mbili, wengi wanashika, na hakuna aliyedharauliwa kwa lugha ya mama yake.

Shida ya pili ni l na r. Watoto wanaotoka kwenye nyumba za Kinyarwanda, Kihunde au Mashi huzichanganya, na walimu pia, nikiwemo mimi nikichoka. Usiseme "hapana, si hivyo" mara kumi. Waonyeshe ulimi: l unagusa nyuma ya meno na kukaa, r unagonga na kuondoka. Kisha wape maneno ambayo kosa linabadilisha maana, ili waone kwa nini tunahangaika: kalamu tunaandikia, karamu tunakwenda kula. Nikisema "leteni karamu" watoto wanacheka, na wakicheka wameisikia tofauti.

Daftari la kusikiliza

Sasa nafika kwenye lenyewe. Ukiacha yote niliyoandika juu, hili usiliache.

Tunasoma siku sita kwa wiki, nina watoto 84, kwa hiyo 14 kwa siku. Kila mmoja anakuja mezani kwangu peke yake, dakika moja, wakati wengine wanaandika kwenye vibao au wako kwenye mchanga. Nina karatasi nne za kadi. Ya kwanza ina herufi kumi, ya pili silabi kumi, ya tatu maneno manane, ya nne sentensi tatu fupi. Kila wiki mbili nabadilisha yaliyomo, wasije wakayakariri. Naanza na kadi aliyofaulu mara ya mwisho, napanda moja. Katika daftari, mbele ya jina lake, naandika alama moja tu: H (herufi), S (silabi), N (neno) au SE (sentensi), na kama kuna kitu kimoja kinachomkwamisha nakiongeza: "b/d", "anabahatisha mwisho wa neno", "haoni mbali". Hilo la mwisho limenisaidia zaidi ya mara moja. Mtoto aliyekuwa nyuma kabisa nilimsogeza benchi ya mbele, na baada ya wiki tatu alikuwa amepanda kutoka S hadi N. Ubao ndio aliokuwa hauoni.

Akikwama, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kumsaidia. Tano ni ndefu sana kwa mwalimu mwenye watoto 84, najua. Lakini sisi huingilia kwenye mbili, na mtoto hujifunza kwamba akinyamaza atapewa jibu. Ukimsaidia, usimpe neno. Funika sehemu kwa kidole, umwachie silabi ya kwanza, kisha fungua ya pili.

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nusu saa ya mwisho, napanga watoto upya kwa alama hizo. Wa SE wanasoma wawili wawili hadithi zilizoandikwa kwenye mifuko ya saruji. Wa N wanaunganisha kadi za silabi kutengeneza maneno. Wa H na S wanakuja kwangu, mbele. Tazama kundi hilo vizuri: walimu wengi huwapa wanaoweza muda wao mwingi, kwa sababu wanaoweza wanafurahisha. Wale wa H ndio wanaokuhitaji wewe mwenyewe, wakati wa SE wanaweza kujiendesha na kiongozi mmoja kati yao. Na makundi yasiwe na majina ya kuwatambulisha kwa uwezo. Yangu ni ya samaki na ndege, na mtoto akihama kundi tunampigia makofi.

Maneno yao wenyewe

Vitabu viwili kwa benchi havijazi njaa ya mtoto aliyeanza kusoma. Ijumaa tunatunga. Nauliza: nini kimetokea njiani leo? Mmoja anasema, chukudu imeanguka na makala yote. Mwingine: mama mmoja alisaidia kuokota. Naandika kama wanavyosema, nikinyoosha kidogo tu, sentensi nne zisizozidi. Jioni nanakili kwenye mfuko wa saruji uliogeuzwa ndani nje, herufi kubwa za mkono wa kuchapa, natundika ukutani. Mwezi wa sita nina hadithi 25 au zaidi ukutani, zote za Katoyi, na watoto wanawaburuta wadogo zao mlangoni kuwasomea ile ya chukudu. Hadithi hizi zina mb na nd kabla hatujazifundisha, na hilo halina neno: nazisoma mimi kwanza, wao wananifuata, na kila mtoto anatafuta ndani yake zile silabi anazozijua na kuzizungushia kidole.

Wazazi na Kifaransa

Kila mwaka anakuja baba mmoja. "Madamu, mtoto wangu Kiswahili anakijua tayari. Mimi nataka Kifaransa." Simjibu kwa sheria, ingawa sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia. Namwita mtoto, namwambia asome ubaoni. Kisha namwandikia baba maneno matatu ya Kifaransa yenye sauti ambazo mtoto anazijua: papa, malade, samedi. Mtoto anajaribu, na mawili kati ya matatu anayatoa karibu sawa. Baba anaona mwenyewe kwamba kusoma ni kumoja, ukishakujua unakwenda nako kwenye lugha nyingine.

Zipo sauti zinazogongana, na lazima ujiandae nazo Kifaransa cha maandishi kitakapoanza. U yetu kwa Kifaransa huandikwa ou, na u yao sisi hatuna. Ch yao ni sh yetu. E yao mwishoni mara nyingi haisikiki. Nisipokuwa mwangalifu napata kaye zenye "choule" badala ya shule. Ninachofanya ni chaki za rangi: Kiswahili chote cheupe, Kifaransa chote cha njano, mwaka mzima, bila kuchanganya hata siku moja. Mtoto akiona njano anabadilisha mdomo.

Kwa wazazi wasiojua kusoma, na ni wengi, wasije wakadhani hawana kazi. Nawaomba jambo moja: jioni, mtoto asome maneno matano kutoka kwenye kaye huku mzazi anamsikiliza, hata kama anachambua maharagi. Akimaliza, mama achore mstari mmoja pembeni kwa biki. Mama mmoja anayeuza makala hapa mtaani alichora mistari kila siku mpaka Juni. Siku ya kuchukua matokeo aliniambia sasa anaijua m na a, amezishika kwa mtoto.

Mkirudi baada ya kufungwa

Shule zetu hufungwa ghafla. Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka na watu wakakimbilia Sake, Bukavu na Rwanda. Januari 2025 mapigano yaliingia mjini, madarasa yakakaa tupu. Mtoto wa mwaka wa kwanza akikaa wiki nne bila kusoma, anarudi amepoteza alichokishika mwisho, na wengine hurudi hawasemi kabisa.

Wiki ya kwanza usiongeze herufi mpya. Anza na mchanga, wachore chochote wanachotaka, hata kama siku mbili nzima ni nyumba na miti. Rudi kwenye makofi na majina, na mwenye jina ambaye hajarudi taja jina lake pia, lipigieni makofi, asionekane amefutwa. Siku ya nne fungua daftari na uwasikilize wote upya tangu kadi ya kwanza, uandike alama mpya kwa rangi nyingine. Utashangaa: wanaporomoka hatua moja, wachache mbili, lakini wanapanda tena haraka kuliko walivyopanda mara ya kwanza. Programu ikisema mngekuwa mmefika kwenye nj, iache iseme. Mwelezee direkta, mwonyeshe daftari, tarehe kwa tarehe.

Daftari hilo mwisho wa mwaka silipeleki nyumbani. Siku ya kugawa matokeo namkabidhi mwalimu wa mwaka wa pili, tunakaa saa moja kwenye benchi ya nje, tunapita jina kwa jina. Huyu yuko SE, mpe vitabu. Huyu N, bado anabahatisha mwisho wa neno. Hawa tisa wako S, usianze nao kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chako, anza nao kwenye mchanga. Masinia yako kabatini, mchanga umeshachekechwa.